Kona Tambarare na Tairi Lililoshika Lami

Gari linalokata kona tambarare halina kinacholigeuza ila msuguano wa tairi na lami. Usukani huelekeza tairi tu. Lami ndiyo inayolisukuma gari kuelekea kitovu cha mzunguko. Abiria wa tuktuk pale Kondele, Kisumu, anapomlalia mwenzake, na beseni la omena likimponyoka mapajani, hakuna kilichomsukuma nje. Mwili wake bado unafuata njia iliyonyooka, ilhali kiti kimeshageuka.

Kikomo cha kasi hupatikana kwa kuzidisha kigezo cha msuguano, mvutano wa dunia (9.8) na nusukipenyo cha kona, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa nusukipenyo cha mita 20 na lami kavu yenye kigezo cha 0.7, jibu ni mita 11.7 kwa sekunde, yaani kilomita 42 kwa saa. Mvua ya alasiri ikishusha kigezo hadi 0.4, kikomo huwa kilomita 32. Mchanga uliotapakaa juu ya lami huweza kukishusha hadi karibu 25. Uzito haumo katika hesabu hii: bodaboda na lori la miwa la Kibos huanza kuteleza kwa kasi ileile.

Kupinduka kuna hesabu yake, na hapo kimo ndicho hatari. Nusu ya upana kati ya tairi za kushoto na kulia hugawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likiwa dogo kuliko kigezo cha msuguano, gari hupinduka kabla ya kuteleza. Basi lenye upana wa mita 2 na kitovu kilicho mita 1.6 juu, mathalani lenye mizigo kwenye keria, hupata 0.625. Katika kona ileile kikomo chake ni kilomita 40. Lami ikilowa, basi hilo huteleza kwanza, kisha tairi zake huweza kujikwaa kwenye ukingo na kulipindua.

Tarehe 8 Agosti 2025, basi la waombolezaji lilipinduka katika mzunguko wa Coptic, barabara ya Kisumu–Kakamega, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Hesabu haisemi nini kilimpata dereva. Inaonyesha tu jinsi nafasi ilivyo finyu.

Breki nazo hula msuguano uleule. Kwa kilomita 36 kwa saa, kona ile ya mita 20 hudai mchapuko wa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, kati ya 6.9 zinazotolewa na lami kavu, na breki hubakiwa na 4.7, kwa kuwa kani hizo mbili huvuta kwa pembe mraba. Lami iliyolowa hutoa 3.9 pekee. Kwa hiyo breki hukanyagwa kwenye sehemu iliyonyooka, kabla usukani haujageuzwa.