Mnara wa Pembe: Neno, Jino la Ndovu na Sanamu za Kigothi

Mkatoliki wa Luvungi asalipo Litania ya Bikira Maria humwita Mama wa Yesu mnara wa pembe, na kiitikio hufuata bila mtu kuuliza ni mnara gani. Tafsiri hiyo ya Kilatini, turris eburnea, si kosa. Lakini pembe ni ya ng'ombe, ni ya ndovu, ni ya nyumba pia. Na katika Kiswahili chetu cha Kivu neno lisikikalo zaidi ni pembeni, yaani kando. Msikilizaji hupata mnara uliojengwa kwenye kona, ilhali uliokusudiwa ni weupe, ulaini na thamani ya jino la ndovu. Nadai kwamba utata huo unatunyima ufunguo wa kuhakiki sanaa nzima, ambayo malighafi yake ilitoka barani kwetu.

Tuichukue sanamu ya Bikira na Mtoto iliyokuwa ya Sainte-Chapelle, Paris, na ambayo sasa imo katika jumba la Louvre. Ilichongwa katika karne ya 13, yapata miaka ya 1260, na kimo chake ni sentimita 41 tu. Bikira amesimama, kiuno kimepinda kidogo, macho membamba yanakaribia kutabasamu, na Mtoto yumo mkononi mwake. Husemwa mara nyingi kwamba mwili umepinda kwa sababu pembe yenyewe imepinda. Hoja hiyo inapendeza kwa wepesi wake, nami siikubali yote. Bikira wa mlango wa kusini wa kanisa kuu la Amiens, wa karne hiyohiyo, naye amepinda, na yeye ni wa jiwe. Jiwe halina mpindo wa kumshurutisha mtu. Mchongaji alikuwa na mkao huo akilini tayari, pembe ikamwitikia. Tusisahau, aidha, kwamba sanamu hizo zilitiwa dhahabu na rangi, ambazo mabaki yake yangali yakionekana. Weupe mtupu tunaousifu leo kwa sehemu ni kazi ya wakati.

Pembe ilitoka wapi? Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Kuhusu Ulaya ya Kigothi, mtafiti Sarah Guérin ametetea kwamba ndovu wa savana za Afrika ndiye aliyewalisha wachongaji wa Paris, kwa njia za biashara zilizopitia bahari zetu. Unene wa pembe za ndovu wa Afrika ndio uliowezesha sanamu za kimo kama hicho. Yamkini, basi, Bikira wa Louvre alianza safari yake katika pwani ya Waswahili. Karne sita baadaye pembe zilitafutwa tena, safari hii hadi Nyangwe na Kasongo, na misafara hiyo ndiyo iliyotuletea huku bara lugha ninayoiandika.

Hapa Kivu Kusini ulinganisho uko karibu. Walega wa Mwenga na Shabunda walichonga sanamu ndogo za pembe, ziitwazo iginga, ambazo ni mali ya kindi, daraja la juu la chama cha Bwami. Zilipakwa mafuta, zikashikwa, zikang'arishwa. Daniel Biebuyck, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alionyesha jinsi vitu vya Bwami vilivyofungamana na methali. Vibao vya Kigothi vilivyounganishwa kwa bawaba, vyenye mandhari ya Mateso, navyo vilishikwa mikononi wakati wa sala, hata nyuso katika baadhi yake zimelika. Hata hivyo Bwami ilipigwa marufuku na serikali ya Kibelgiji mwaka 1948, na iginga zikaishia katika makabati ya vioo ya Ulaya, jirani na akina Bikira.

Neno sanamu halitusaidii. Ndilo lililomo katika katazo la Kutoka 20, na wanafunzi wangu hulitumia kwa Bikira kwa heshima, kwa iginga kwa wasiwasi. Ningependa waanze na kiganja: nani alikishika kitu hiki, na kwa maneno gani? Ama Litania, mnara wa pembe ya ndovu ungeongeza silabi tatu tu. Wazee wa kwaya wameniambia mdundo utavunjika. Nimewajibu kwamba tujaribu kwanza.