Kazi ya Winga

Wikendi ya mashindano ya Masaku Sevens, Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos ulikuwa ukijaa watu ambao wengi wao, tuseme ukweli, hawakufuata raga. Walifuata muziki, nyama choma na safari fupi ya kutoka Nairobi. Hata hivyo, winga alipodaka mpira pembeni na kuchomoka, wote waliinuka. Katika raga ya wachezaji saba nafasi ni tele na watu ni wachache, kwa hiyo mbio hujionyesha zenyewe.

Mimi nataka kumsifu winga wa aina nyingine, ambaye kumpata yabidi twende kaskazini mwa Uingereza. Huko ndiko Lucas Onyango, aliyewahi kuichezea Kenya katika raga ya wachezaji saba, alikokula jasho lake kwa raga ya ligi, akivaa jezi ya Widnes na ya Oldham.

Raga ya ligi ni ya wachezaji kumi na watatu. Mwenye mpira akiangushwa, husimama, akaurudisha nyuma kwa mguu, huku wapinzani wakirudi mita kumi na kujipanga upya. Timu hupewa nafasi sita za namna hiyo, kisha mpira huenda upande wa pili. Matokeo yake ni kwamba ukuta hauishi kujengwa. Mkimbiaji aliyezoea kupita penye uwazi hapa anakuta uwazi umezibwa kabla hajainua kichwa.

Winga afanye nini? Wapinzani wakipiga mpira mrefu hadi karibu na mstari wake, mara nyingi yeye ndiye huudaka, na kazi inayofuata haina mapambo: kukimbia moja kwa moja hadi kwenye vifua vya watu wazito watatu ili timu ipate mita kumi. Anaangushwa, anasimama, na baada ya dakika mbili anaitwa tena. Jukwaani hakuna anayemshangilia. Mchongaji wa vinyago wa Wamunyu, kule Machakos, naye huanza hivyo, akilichapa gogo kwa tezo saa nzima kabla mteja hajaona hata sikio la swala. Trai ya pembeni, ile inayopigwa picha, hutoka katika mita hizo kumi kumi ambazo mtazamaji amekwisha kuzisahau. Kwangu mimi, ufundi wenyewe uko hapo kuliko kwenye kasi.

Na ni ufundi uliopiganiwa ujira. Tarehe 29 Agosti 1895, katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, vilabu vya kaskazini vilijitenga na chama cha raga cha Uingereza, na hapo ndipo raga ya ligi ilipoanzia. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodi na viwanda, na Jumamosi ya mechi ilikuwa siku ya kazi: aliyecheza alikatwa mshahara. Vilabu vilitaka kumfidia shilingi 6 kwa siku. Wakubwa wa London, ambao mishahara yao haikukatwa na mtu, waliona hilo ni kuuchafua mchezo. Oldham na Widnes walikuwa miongoni mwa walioondoka. Mwaka 1898 malipo yaliruhusiwa waziwazi, ila mchezaji alilazimika kuwa na kazi nyingine ya kueleweka. Upande uliobaki ulikubali kulipa wachezaji Agosti 1995, karne nzima baadaye.

Mmoja wa waliolipwa hivyo ni Harold Wagstaff, aliyesajiliwa na klabu ya Huddersfield mwaka 1906 akiwa na miaka 15, kwa sarafu 5 za dhahabu. Tarehe 4 Julai 1914 alikuwa nahodha wa Uingereza mjini Sydney dhidi ya Australia. Majeraha yaliwapunguza hadi wakabaki watu kumi uwanjani, na bado walishinda 14 kwa 6. Wagstaff husifiwa sana kwa siku hiyo, na ni haki yake. Lakini mmoja wa mawinga alikuwa fowadi aliyesukumwa pembeni kwa sababu hapakuwa na mwingine: Chick Johnson. Alipopata mpira hakukimbia nao mikononi. Aliusukuma kwa miguu, akiukimbiza kama mcheza kandanda, akawapita Waaustralia hadi kwenye mstari wao na kufunga trai. Klabu yake nyumbani ilikuwa Widnes.