Treni Inayojua Ilipo

Kuifanya treni ndogo izunguke bustanini ni kazi ya mchana mmoja. Kuifanya isimame yenyewe stesheni, mlango wa behewa ukielekea benchi, jua liwake au mvua inyeshe, hiyo ni kazi ya misimu. Katika ufundi wote wa treni za bustani, hapo ndipo macho yangu hukaa.

Treni hizi zilipata umbo tunalolijua mwaka 1968, kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilipotoa LGB: reli za shaba ya manjano zinazostahimili mvua, upana wa milimita 45, kipimo cha 1 kwa 22.5. Zidisha, utapata mita moja na ushei, yaani upana wa Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Aliyewahi kulala katika behewa la kwenda Tabora, akipiga magoti kando ya njia hizi, hatajiona mgeni.

Siku hizi, katika mfumo wa kidijitali, reli mbili hizo hubeba mizigo miwili kwa pamoja, nguvu na maneno. Umeme hugeuzwa upande maelfu ya mara kila sekunde. Geuko fupi, la mikrosekunde 58 kila upande, husomwa kuwa moja. Refu, la 100 au zaidi, ni sifuri. Tumboni mwa kila kichwa cha treni mna king'amuzi chenye anwani yake. Kinasikia kila linalosemwa relini, lakini kinaitika kikitajwa chenyewe. Kila ujumbe hufungwa kwa hesabu ya kuuhakiki. Hesabu isipolingana, king'amuzi huutupa, hakibahatishi. Nalo sanduku la amri, linalotuma ujumbe huo, hurudia maneno yake bila kuchoka, kwa kuwa reli huingia vumbi, majani na utomvu. Mfumo huu ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Giessen, na chama cha NMRA cha Marekani kikaufanya kanuni ya wote katika miaka ya 1990. Nauheshimu kwa sababu tangu mwanzo ulijengwa kwa kutegemea kwamba neno fulani litapotea njiani.

Ila kusema si kujua. Sanduku linaweza kuamuru treni ipunguze mwendo huku halijui iko darajani au chini ya mwaridi. Fundi anayetaka treni zijiendeshe lazima kwanza azipe njia ya kujulisha zilipo.

Wengi hukata njia vipande vipande na kupima umeme unaonyweka katika kila kipande. Panaponyweka umeme pana treni, na treni nyingine hairuhusiwi kuingia, kama ilivyo kwenye reli kubwa. Sebuleni njia hii haina mpinzani. Bustanini, kokoto zikilowa, umeme huvuja kutoka reli hadi reli, na kompyuta huona treni mahali penye maji tu. Ndiyo maana mafundi wa nje hupenda sumaku. Kati ya mataruma hufichwa kibomba cha kioo chenye vijiti viwili vyembamba vya chuma visivyogusana. Kichwa chenye sumaku chini yake kikipita juu, vijiti hukutana kwa nukta moja, na habari imefika. Kibomba kimezibwa, umande hauingii. Udhaifu wake ni kwamba kinajua tu kwamba sumaku imepita, hakijui kama behewa la mwisho limebaki nyuma. Anayeogopa hilo huhesabu magurudumu yanayoingia na yanayotoka.

Wako walioachana kabisa na umeme wa relini, wakaweka betri ndani ya behewa na kutuma amri kwa redio. Wamepumzika kusugua reli, na siwalaumu, ingawa sumaku bado wanazihitaji.

Habari hizo zikishakusanywa, programu kama Rocrail au JMRI hugeuza vigeuza njia, hufungua vipande na kupishanisha treni. Hapo mtazamaji hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndipo subira inapoanza, maana vichwa viwili vilivyotoka kiwanda kimoja havikimbii sawa. Fundi hukipitisha kila kimoja kwenye kipande alichokipima kwa futi, huku na huku, ngazi moja ya mwendo baada ya nyingine, na zipo 126. Programu huhesabu sekunde, hata ikajua kwamba kichwa hiki, kwa ngazi hii, hula sentimita kadhaa kabla ya kutulia. Mota ikipata moto, hesabu husogea kidogo. Mteremko nao una lake.

Kwa hiyo utamkuta amechuchumaa penye stesheni, futi mkononi. Treni imeingia polepole, imesimama, mlango umepita benchi kwa sentimita nne. Hagusi treni. Anakwenda kwenye kompyuta, anabadilisha tarakimu moja, anairudisha treni nyuma ya kichaka, kisha anachuchumaa tena.