Huzuni ya Oryema ina mwenyewe

Albamu ya Geoffrey Oryema iitwayo Exile ilitolewa mwaka 1990 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza, ikitayarishwa na Brian Eno. Ulaya iliipokea kwa mikono miwili. Sauti yake nzito na pole ilisifiwa, majonzi yake yakasifiwa zaidi, na waandishi wa Ufaransa wakambandika mwimbaji huyo Mganda jina lililomganda hadi alipofariki Juni 2018: Leonard Cohen wa Afrika.

Jina hilo lina ubaya gani? Cohen alikuwa mtunzi hodari na kufananishwa naye si tusi. Ila ufananishi huo unaichukua huzuni kama tabia ya mtu, jinsi wengine walivyozaliwa wacheshi na wengine wanyamavu. Huzuni ya Oryema ina tarehe. Februari 1977 babake, Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi wa Uganda na wakati huo waziri wa Idi Amin, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth-Ofumbi, mwenyeji wa Tororo, hapo ng'ambo ya Malaba. Serikali ikatangaza ati ni ajali ya gari. Mwaka huohuo Geoffrey alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti ya gari, kisha akaishia Ufaransa.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapomfaa mhakiki. Kitenzi hama kinamhusu anayeondoka tu: nyuki wamehama, jirani amehama. Kitie kiambishi -ish- upate hamisha, na papo hapo anaingia mtu wa pili, yule anayesababisha. Hakuna uhamisho bila mhamishaji. Ukimbizi nao una kinachokimbiwa. Lakini huzuni, simanzi na ukiwa haziulizi swali hilo; mtu anaweza kushikwa na simanzi Jumapili jioni bila kukosewa na yeyote. Mhakiki anayeandika kwamba hii ni albamu ya huzuni, akakomea hapo, amemfuta mhamishaji.

Mimi ni mwana wa Marachi, na sokoni kwetu Kiluhya, Kiteso na Kijaluo hugongana mezani pa muuza samaki mmoja. Kwa hivyo majina ya nyimbo hizi, ambazo nyingi ni za Kiacholi, hayatupiti kama yalivyowapita wasikilizaji wa Paris. Jirani yangu Mjaluo ambaye hajawahi kukanyaga Gulu atang'amua Jok Omako Nyako bila kamusi: pepo amemkamata msichana. Piny katika Piny Runa Woko ni nchi, ni ulimwengu, kwa Kijaluo kama kwa Kiacholi. Lacan ni fukara. Lubanga ni Mungu. Aliyekamatwa, aliyefukarika, anayeombwa: watu hawa wamo kwenye jalada kabla hujasikia noti moja, na sidhani jina la Cohen linatusogeza karibu nao.

Na ule utulivu uliosifiwa? Huku kwetu msiba hauna utulivu. Mama wa Kimarachi hulia akimwita marehemu kwa jina, akimuuliza watoto amemwachia nani. Wajaluo wana tero buru. Huswaga ng'ombe na kushika mikuki wakikifukuza kifo. Kwa sikio lililozoea hayo, kuimba kwa sauti ya chini baada ya kufiwa namna ile ni jambo la kushtua. Mimi nasikia ndani yake kujizuia kwa mtu aliye butini, asiyethubutu kukohoa gari linaposimama kizuizini.

Ndiyo maana kazi ya Eno hainiridhishi kikamilifu. Vinanda vyake vinatandaza ukungu mzuri, mzuri mno, na ukungu huo ndio uliowafanya wengi waitumie albamu hii kama dawa ya usingizi. Nanga na lukeme zikisogea mbele, mambo hubadilika. Nanga alifundishwa na babake. Kila uzi unapoguswa, mkono wa yule mzee umo. Katika Land of Anaka nako anataja kijiji cha wazee wake kaskazini mwa Uganda, na jina moja la mahali linafanya kazi ambayo sifa kumi za "majonzi" haziwezi.

Wafaransa tusiwatwike lawama zote, maana angalau wao waliandika. Vyuo vyetu vya Kiswahili vinahakiki riwaya na tamthilia mwaka nenda mwaka rudi, lakini albamu ya mwimbaji aliyepitia nchi hii kifichoni, na ambaye albamu yake ya pili, ya 1993, aliiita Beat the Border, wapi! Alirudi Uganda kutumbuiza Desemba 2016, karibu miaka 40 tangu avushwe.

Mtu akiniomba niifasiri Exile, sitaandika Huzuni, wala Uhamishoni, ambalo linataja mahali tu. Nitaandika Nilihamishwa. Ile -ish- inasema yupo aliyefanya, na ile -w- inamwacha bila jina, kama Oryema mwenyewe alivyomwacha: soma majina ya nyimbo zote kumi, Amin hayumo.