Alama Moja, Maana Moja: Juu ya Kuandika Habari ya Mpemba kwa Kiswahili

Makala ya E. B. Mpemba na D. G. Osborne, iliyotoka katika jarida la Physics Education mwaka 1969, ina sehemu mbili. Katika ya kwanza Mpemba, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya Moshi, anasimulia jinsi mwaka 1963 maziwa yake ya moto ya aiskrimu yalivyoganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Katika ya pili Osborne anatoa vipimo vya maji: yaliyoanza kwa 25°C yalichukua muda mrefu kuliko yote, na yaliyoanza karibu na 90°C muda mfupi zaidi sana.

Habari hiyo husimuliwa kwa Kiswahili kwa sentensi moja: maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi. Sentensi ni fasaha, lakini haitoshi kwa hesabu, maana kuganda ni tendo lenye mwanzo na mwisho. Osborne alipima muda hadi maji yaanze kuganda. Henry Burridge na Paul Linden, katika uchunguzi wao wa 2016, walipima muda hadi maji yafike 0°C, wala hawakupata ushahidi wa maana wa ajabu hiyo. Nayo maji huweza kushuka chini ya 0°C kabla barafu haijaanza; kwa hiyo muda huu si ule. Mwandishi akiziita zote t, msomaji atadhani ubishi wote ni wa vipimo, kumbe sehemu yake ni ya alama.

Dawa si kuigeuza t kuwa w kwa ajili ya wakati, kwani w hiyo hiyo itadaiwa na wingi, na j itagombewa na joto na jumla. Herufi kuu na ibaki ile ijulikanayo na mataifa, na herufi ndogo ya chini itokane na Kiswahili: tₛ, muda wa kufika sifuri, tₐ, muda wa kuanza kuganda, tₖ, muda wa kukamilika. Isiandikwe t₀ kwa kufika sifuri, kwa kuwa wanahesabu wamezoea kuisoma kuwa ni wakati wa kuanzia.

Halijoto nayo yafaa iandikwe θ, si T. Ubaoni t na T hupambanuliwa kwa ukubwa tu, na mwalimu azisomapo kwa sauti hazipambanuki kabisa. Vivyo hivyo neno joto lisibebeshwe maana ya halijoto pia.

Hapana budi kila alama itanguliwe na maelezo kamili kwa maneno. Alama isiyoweza kuelezwa hivyo haijapata maana, na hesabu itakayojengwa juu yake itarithi utata huo.