Neno Ndani ya Sentensi: Jinsi Kihispania cha Kila Siku Kinavyofundishika

Mwaka 1952 mkutubi mmoja wa Madrid aitwaye María Moliner, aliyezaliwa mwaka 1900 katika kijiji cha Paniza, jimbo la Zaragoza, alipata kwa mkono wa mwanawe aliyetoka Paris kamusi ya Kiingereza iliyotungwa na A. S. Hornby kwa ajili ya wanafunzi wageni. Naye alipoifunua na kuona jinsi maneno yalivyofuatwa na sentensi fupi zinazoyaonyesha yakiwa kazini, alifanya azma ya kuitungia lugha yake kamusi ya namna hiyo, akikadiria kwamba shughuli ingekwisha upesi. Haikwisha upesi. Ilidumu takriban miaka 15, na tunda lake, Diccionario de uso del español, likatoka katika juzuu mbili kwa wachapishaji Gredos, ya kwanza mwaka 1966 na ya pili mwaka 1967, jumla ya kurasa zinazokaribia 3,000. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi maneno ya kila siku ya Kihispania yanavyofundishika kwa sentensi za mfano, sioni pa kuanzia palipo bora kuliko kazi hii, ingawa, kama nitakavyoeleza, sisi wasemao Kiswahili hatuwezi kuitwaa vivi hivi bila ya kuipindua kidogo.

Wahispania walikuwa na mifano katika kamusi tangu zamani. Akademia yao, iliyoasisiwa mwaka 1713, ilitoa kati ya mwaka 1726 na 1739 kamusi ya juzuu sita ambamo maneno yalishuhudiwa kwa kauli za waandishi mashuhuri, Cervantes na Quevedo miongoni mwao, na kwa sababu hiyo watu wakaiita kamusi ya mamlaka. Mfano katika kitabu kile ulifanya kazi ya isnadi katika hadithi: uthibitisho kwamba neno limepokewa kutoka kwa mtu wa kuaminika. Mwaka 1780 Akademia ilipotaka kuiweka kamusi hiyo katika juzuu moja ili iwe nyepesi kutumika, kilichotupwa ni mashahidi hao, na kwa muda mrefu baadaye msomaji akabaki na maana tupu. Hasara ilikuwa kubwa kwa mwanachuoni. Kwa mgeni anayetaka kununua mkate sidhani kama ilikuwa kubwa, maana kauli ya mwandishi mkuu huthibitisha kuwa neno lipo, wala haimfundishi mtu kulitumia asubuhi dukani.

Hornby alitoka njia nyingine kabisa. Alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza, na kamusi yake ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kabla ya Oxford kuitoa upya mwaka 1948. Alikuwa amejifunza darasani kwamba mgeni aghalabu hakwami katika maana ya kitenzi; hukwama katika yale yanayokizunguka kitenzi, yaani kinafuatwa na nini, kinatangulia nini, kinachukua kihusishi gani. Sentensi zake, basi, zilikuwa vielelezo vya ujenzi. Hilo ndilo Moliner alilolitambua mara moja, na alikuwa na sababu ya kulitambua, kwani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania alikuwa ameshughulika na maktaba za vijijini katika eneo la Valencia, na mwaka 1937 aliandika mwongozo wa uendeshaji wa maktaba ndogo. Vita vilipokwisha, serikali ya Franco ilimshusha ngazi 18 katika orodha ya wakutubi. Mtu aliyewahi kupeleka vitabu kwa wakulima hujua neno linapomkwamisha msomaji mnyenyekevu, na elimu hiyo haipatikani kwa kukaa na wanachuoni peke yao.

Alifanya kazi nyumbani, kwa vikaratasi. Kwanza alizifumua maana za Akademia, ambazo mara nyingi zilizunguka, neno la kwanza likielezwa kwa la pili na la pili kwa la kwanza, akazipanga ili kila maana iongoze kwenye neno pana zaidi. Kisha akaonyesha ujenzi ambao neno hulazimisha, akatia mifano mifupi, mingi ikiwa ya lugha ya kawaida isiyo na jina la mwandishi yeyote, na mwisho akaambatisha orodha ya maneno jamaa, hata msomaji mwenye wazo asiye na neno akaweza kulitafuta. Alizifuta pia herufi Ch na Ll katika mpangilio wa alfabeti miongo kadhaa kabla ya Akademia kukubali hivyo mwaka 1994. Kasoro moja siwezi kuificha: maneno ya matusi aliyaacha, na mtu atakayejifunza kwa kamusi yake peke yake atasimama barabarani akiona watu wamekasirika asijue wanasema nini. Mwaka 1972 jina lake lilipendekezwa Akademia, lakini kiti akapewa Emilio Alarcos Llorach. Akafariki mwaka 1981.

Sasa tuitazame sentensi yenyewe kwa karibu. Chukua kitenzi quedar, ambacho kamusi yoyote ya maana tupu itakueleza kuwa ni kubaki, kisha ikuachie fungu la maana nyingine zisizoshikika. Mtunzi hodari hataanza na fungu hilo. Ataanza na Quedan dos panes, imebaki mikate miwili. Atabadili kitu kimoja tu, Queda un pan, umebaki mkate mmoja. Atabadili tena kimoja, No queda pan, hakuna mkate uliobaki. Katika sentensi tatu zisizozidi maneno matatu kila moja, mwanafunzi ameona kwamba kitenzi hutangulia, kwamba hufuata idadi ya kile kilichobaki, na kwamba katika kukanusha jina husimama bila kibainishi. Tena ameyaona bila ya kuambiwa neno lolote la sarufi. Ndipo aletewe La camisa te queda bien, shati limekukaa vizuri, na El banco queda lejos, benki iko mbali, na Quedamos a las ocho, tukutane saa mbili, ambapo akumbuke kwamba Mhispania huhesabu saa zake tangu usiku wa manane. Kila sentensi ina mtu na hali ambayo imewahi kutokea, na maneno yote yanayolizunguka neno geni yamekwisha kujulikana. Sharti hili la mwisho ndilo livunjwalo sana. Vipo vitabu ambavyo sentensi ya kufundishia neno moja ina maneno mengine manne yasiyojulikana, na mwanafunzi badala ya kuegemea sentensi hugeuka kuwa mtumwa wake.

Mfano ulio bora pengine kuliko yote niliyokutana nayo ni huu: El agua está fría, maji ni baridi. Maneno manne. Agua ni jina la kike ambalo kwa sababu ya matamshi huchukua kibainishi cha kiume, na kanuni hiyo ukiielezea kwa maneno utajaza nusu ukurasa. Lakini katika sentensi hii el imesimama mbele na fría ya kike imesimama nyuma, na mkanganyiko wote uko mbele ya macho. Fauka ya hayo imo está, ambayo ndiyo mlango wa jambo ninalotaka hasa kulisema.

Vitabu vingi vya Kihispania vinavyotufikia vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani, na kwa hiyo mifano yake imechaguliwa kuponya maradhi ya Waingereza na Wamarekani. Mwanafunzi wa Mombasa au wa Dar es Salaam hunyweshwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na ugonjwa alio nao hauguswi. Mathalan vitabu hivyo hutumia kurasa nyingi kueleza kwamba Mhispania husema ana njaa, ana kiu, ana haraka, ana miaka 20: Tengo hambre, Tengo sed, Tengo prisa, Tengo veinte años. Kwetu kuna nini cha kuelezwa? Nina njaa, nina kiu, nina haraka, nina miaka 20. Me duele la cabeza humtaabisha Mwingereza kwa kuwa kichwa ndicho mtendaji na mtu ndiye mtendwa. Sisi tumesema kichwa kinaniuma tangu utotoni. Hata ile Se me ha roto la taza, ambayo walimu huiita ajabu ya Kihispania, kikombe kuvunjika chenyewe na mwenye mkono kutajwa kama aliyefikwa na jambo, sisi tunayo kwa ukamilifu wake: kikombe kimenivunjikia.

Na ser na estar, vitenzi viwili vya kuwa ambavyo vimewatoa jasho wanafunzi wasemao Kiingereza vizazi na vizazi? Husemwa kwamba kimoja ni cha kudumu na kingine ni cha kupita, kanuni ambayo huanguka mara tu mtu anapofariki, kwani Mhispania husema está muerto, na sijui hali idumuyo kuliko hiyo. Mswahili ana kipimo kilicho bora. Pedro es borracho: Pedro ni mlevi. Pedro está borracho: Pedro amelewa. Está muerto, amekufa; está dormido, amelala; está sentada, amekaa; la ventana está rota, dirisha limevunjika; la sopa está fría, supu imepoa. Palipo na ni, aghalabu pana ser. Palipo na -me- ya hali iliyotokana na tendo lililokwisha, pana estar. Na pahali vilevile: Madrid es la capital, Madrid ni mji mkuu, Madrid está en España, Madrid iko Hispania. Kipimo hiki kina nyufa, na insafu yataka zitajwe. Está enfermo sisi husema ni mgonjwa, na maji baridi ya juu yale nimeyafasiri kwa ni. Na mahali pa shughuli Mhispania hurudi kwa ser, La boda es en la iglesia, harusi iko kanisani. Lakini nyufa tatu nne hufundishika kwa sentensi tatu nne, ilhali kanuni ya kudumu na kupita huvuja kote.

Maradhi yetu wenyewe yako kwingine. Ya kwanza ni por na para, kwa kuwa neno letu kwa limebeba mizigo ya yote mawili. Hapa mifano iende jozi jozi: Compré el pan por dos euros, nilinunua mkate kwa euro mbili, Compré el pan para mi madre, nilimnunulia mama mkate. Mwanafunzi akiona kwamba palipo na kitenzi cha kutendea ndipo para hukaa mara nyingi, ameshika uzi mrefu. Ya pili ni jinsia ya majina. Upatanisho si mgeni kwetu, maana asemaye vitabu vizuri vimepotea amekwisha zoea jina kutawala sentensi nzima. Taabu ni kwamba jina la Kihispania huweza kudanganya kwa mwisho wake, kama mano iliyo ya kike na día iliyo ya kiume, basi lisifundishwe peke yake kamwe: Tengo las manos frías. Ya tatu ni sauti. El perro es viejo, pero corre, mbwa ni mzee lakini anakimbia, yatosha kwa mazoezi ya wiki nzima kwa ulimi usiotofautisha r nzito na nyepesi.

Wapo watakaosema kwamba Mswahili ana ngazi nyingine ya kupandia, nayo ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia Uhispania katika karne za utawala wa Waislamu kama yalivyoingia pwani yetu: azúcar na sukari, hasta na hata ya wazee wetu iliyo na maana ya mpaka. Yanafurahisha, walakini nayaogopa. Alcalde limetoka katika neno lile lile la kadhi, na anayeshika ujamaa huo ataingia ofisi ya meya akitafuta hukumu ya mirathi. Sentensi moja, El alcalde abrió el mercado, meya alifungua soko, humponya mapema.

Mwalimu atakayejitolea kuwaandikia wasemao Kiswahili kitabu cha Kihispania, namsihi asifasiri kitabu cha Waingereza. Achukue desturi ya Moliner ya mifano mifupi ya maneno yanayojulikana, aanze ser na estar kwa ni na -me-, na kurasa atakazookoa kwa kutoeleza njaa na kiu azitumie zote kwa por na para.