Urojo Bila Mpishi
Makala za safari kuhusu Mji Mkongwe wa Unguja zinafanana: milango ya nakshi, bakuli la urojo, machweo ya Forodhani. Yangu pia. Nilimpa rafiki yangu, mzaliwa wa Mkunazini, aisome.

“Shoga, mimi niko wapi humu?”

Siku nzima alinitembeza yeye. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, alinyamaza akitazama upande ulioporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili. Mimi niliandika “magofu ya kupendeza”. Urojo niliueleza vizuri, uchachu wake, bajia, kachori (hapo najisifu). Mama aliyeniuliza kwanza kama nala pilipili, sikumtaja. Magofu nimeyafuta. Makala bado sijaituma.